Toa Ulimi, Mama

"Mukecuru, toa ulimi kidogo." Muuguzi alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Mama akageuza uso ukutani, kisha dirishani, kisha akanitazama mimi niliyekaa kwenye benchi na kadi yake ya bima ya afya, mituweli, mkononi, akanionea haya. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na kutoka pale kituo cha afya kipande cha ziwa Kivu kilionekana katikati ya mapaa mawili ya mabati, cheupe kama sahani. Mama ana miaka 71. Nimelala kitanda kimoja naye utotoni, nimemwogesha alipovunjika mkono, nimemsikia akilia na akiomba na akibishana bei, lakini ulimi wake sikuwahi kuuona. Kwetu mtu mzima hatoi ulimi. Kutoa ulimi ni matusi ya watoto barabarani, na anayefanya hivyo hupigwa kofi. Mwishowe akafumba macho, akautoa. Ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa kama tunda la kinyomoro lililomenywa ngozi. Pembeni meno yalikuwa yameuachia alama, moja moja, mithili ya ukingo wa kitambaa kilichofumwa. Vile vinundu vidogo vinavyoupa ulimi ukwaru wake, vinavyoufanya ushike chumvi na sukari na neno, vilikuwa vimefutika. Nikajua mara moja kuwa kwa wiki sita tulikuwa tunamtibu bila kumtazama.

Wiki sita ni muda mrefu wa kubahatisha. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa pilipili. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Rwanda, hakikosi kile kichupa kidogo cha Akabanga kinachodondosha tone kwa tone kama dawa ya macho. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda ni siri ndogo. Tukakiondoa mezani, kikakaa kabatini nusu mwezi, na ulimi ukaendelea kuwaka moto hata kwa uji uliopoa. Pilipili ikawa haina kesi. Jirani akasema ni jino, na kweli mama ana gego lililovunjika, ila jino hukwaruza mahali pamoja nao ulimi wake ulikuwa unauma wote. Kwenye duka la dawa kijana akasikia kwamba mama ana kisukari, akasema hapohapo ni fangasi. Hakukosea kwa kuliwaza hilo, maana sukari ikizidi mwilini ule utando mweupe hupenda kuota mdomoni. Tukampaka dawa ya zambarau siku kumi. Nakumbuka mama akiwa ameketi uani, midomo na ulimi vya zambarau, hataki wageni, anawafukuza kuku kwa mkono kwa sababu kusema "shii" kulimuuma. Utando haukuwapo wa kufutwa, kwa hiyo hakuna kilichofutika. Wa mwisho kutoa hukumu alikuwa shangazi. Yeye hakutaja pilipili wala jino. Alisogea karibu, akaliteremsha neno hadi likawa pumzi tu: uburozi. Kuna mtu amemlisha kitu.

Nimelizungusha jambo hilo kichwani tangu siku ile, na kila nikilizungusha naona mstari mmoja ukipita katika majibu yote. Sote tulikuwa tunatafuta kilichoingia. Pilipili iliyoingia, mdudu aliyeingia, sumu iliyoingia, na nyuma ya sumu mkono wa mtu. Maumivu yakitufika tunahesabu vitu na watu waliopita mlangoni, tunauliza nani alikuja jana. Hatuulizi kipi hakikuja. Muuguzi yule, ambaye kwa umri angekuwa binti wa mama, alikuwa wa kwanza kuuliza. Alichukua kitambaa safi cha pamba, akaushika ulimi kwa ncha, akauvuta taratibu kushoto na kulia ili atazame ubavuni, kwa sababu kidonda kibaya hupenda kujificha pale, na kisichopona kwa wiki tatu hakipakwi dawa bali hupelekwa kuchunguzwa. Hakukiona. Akapangusa juu, hakuna cheupe. Akauliza kama maumivu yanahama, kwa kuwa uko ulimi wenye madoa yanayosafiri kama nchi kwenye ramani, leo hapa kesho pale, usio na ubaya wowote. Akauliza kama alikuwa na moto wa mdomo ambao hauonekani kwa macho, unaowapata wanawake wengi umri wa hedhi ukishapita. Akauliza chai anainywa saa ngapi, maana chai kali ya Pfunda ikifuatana na sahani ya maharage huyazuia madini ya chuma yasifike kwenye damu, na ulimi uliokosa chuma nao hulainika. Kisha akauliza swali ambalo sisi wa nyumbani hatukuwa nalo: "Mukecuru, dawa gani unakunywa kila siku, na tangu lini?"

Kinyarwanda kina neno moja kwa kiungo na kwa lugha, ururimi. Kiswahili kimeyatenga, lakini si sana. Nasi tukimwambia mtu achunge ulimi wake hatuzungumzii nyama. Mama ameishi kwa ndimi mbili na nusu. Cha nyumbani ni Kinyarwanda. Nusu ni Kifaransa, cha kusoma cheti na kusalimia padri. Kiswahili ni cha kazi, cha mpakani, na ndicho kilicholipa karo zetu. Miaka 30 amevuka kizuizi cha mpakani cha Petite Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo, na beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, katikati ya ule umati wa maelfu kwa maelfu wanaopita kila siku na nyanya, na maziwa, na nguo, na watu wenye ulemavu wakisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mzigo. Bunge la Rwanda lilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, mama alishangaa kwamba hakikuwa nayo. Kwake kilikuwa rasmi tangu siku ya kwanza alipokataa bei kwacho. Sasa ulimi ulipouma, kwanza alipunguza maneno ya mpakani. Akawa anaonyesha bei kwa vidole. Wateja wa Goma wakadhani ana hasira, naye akawa anarudi na beseni halijaisha, na nyumbani akanyamaza pia. Ulimi unaouma huanza kuchagua. Hubakiza maneno yaliyo ya lazima tu. Nilisikia wazi nyumba ilivyopungukiwa.

Haraka ya kupata chanzo si dhambi ya familia yetu peke yake. Mlangoni mwa koo kuna kinyama kinachoning'inia, ambacho Kinyarwanda hukiita ikirimi na Watanzania hukiita kimeo. Mtoto akikohoa siku nyingi, akitapika, akikataa ziwa la mama, katika vijiji vingi vya pande zetu na vya Tanzania ilikuwa kawaida, na bado hutokea, kusema ni kile kinyama, na kumpeleka kwa mtu mwenye wembe. Kinakatwa. Wapo watoto waliovuja damu, wapo walioingiwa na maradhi kwa wembe ule, na kikohozi kikabaki palepale kwa sababu kilikuwa kifuani tangu mwanzo. Mama mzazi wa mtoto hakuwa mkatili. Alikuwa na mtoto anayeteseka na mtu aliyemwambia kwa uhakika: chanzo ni hiki, tukikiondoa atapona. Uhakika wa namna hiyo una ladha tamu sana kwa mwenye uchungu.

Na siwezi kuandika neno hilo, uhakika, nikiwa Rubavu, nisiifikirie Kabaya. Ilikuwa wakati huo ndani ya mkoa wetu wa zamani wa Gisenyi. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera, msomi na mtu wa chama tawala, alisimama pale mbele ya mkutano akawaambia watu, kwa Kinyarwanda kizuri, kilichopangika, kwamba chanzo cha maumivu yao kina sura na kinaishi jirani, na kwamba dawa yake ni kukiondoa. Nchi ilikuwa na maumivu ya kweli: vita, njaa, bei ya kahawa iliyoanguka, ardhi isiyotosha. Hayo yalihitaji mtu akae chini na kuuliza taratibu. Haukupita mwaka na nusu kabla ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi kuanza, na hapa mjini tuna makaburi tunayoyatembelea kila Aprili. Mahakama mjini Kigali ilimhukumu Mugesera kifungo cha maisha mwaka 2016. Methali inasema ulimi unauma kuliko meno, nami nilikua nikidhani ni onyo kwa wasengenyaji wa sokoni.

Baada ya kutoka kituo cha afya nilimuuliza mama kwa nini aliuficha ulimi wiki zote zile, hata mimi asinionyeshe, akawa anakunywa uji ameupa ukuta uso. Nilitarajia aseme ni aibu ya utu uzima. Akasema, "Wewe hukuyaona ya wakati ule." Kisha akanieleza. Katika miaka ya themanini na tisini watu walikuwa wanatazamana midomoni. Madaktari waliwachunguza wagonjwa wa Kigali mwaka 1983 na habari yao ikachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet, miongoni mwa taarifa za mwanzo kabisa za UKIMWI katika Afrika ya kati. Oktoba 1985 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Bangui kuandika orodha ya dalili ambazo daktari asiye na maabara angeweza kuzitumia, na katika orodha hiyo ulikuwamo utando wa mdomoni. Mama hakuwahi kuisikia Bangui. Alichojua ni kwamba ulimi wa mtu ulikuwa umegeuka cheti kinachosomwa na kila mpita njia. Alimtaja rafiki yake wa sokoni ambaye vidonda vya mdomoni vilimtoa kwenye meza yake kabla ya ugonjwa wenyewe kumtoa duniani. Wanawake walisogeza mabeseni yao mbali na lake, kidogo kidogo, kila asubuhi kidogo. "Nami nilisogeza," mama akasema. Hatukusema lolote tena mpaka nyumbani. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na Kinyarwanda kinasema ujya gukira indwara arayirata, anayetaka kupona huutangaza ugonjwa wake. Lakini ni nani atangaze mbele ya watu walioshika mabeseni yao tayari kuyasogeza?

Muuguzi alimpima virusi vya UKIMWI pia, na majibu yakawa hana. Jibu lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ambamo mama aliweka dawa zake. Mama anakunywa metformini ya kisukari, kwa uaminifu, asubuhi na jioni, tangu mwaka ule mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, na mjukuu sasa yuko darasa la sita. Ni dawa nzuri. Imemlinda macho na figo. Ila ikitumika miaka mingi kwa baadhi ya watu hupunguza uwezo wa utumbo kuinyonya vitamini B12. Vitamini hiyo haimo katika maharage, wala viazi, wala dodo, wala ndizi; imo katika nyama, mayai, maziwa na samaki, na hizi sambaza zinazoliwa na kichwa na mifupa zina akiba kubwa. Mama, aliyeuza sambaza miaka 30, alikuwa hazili. Nzuri ziliuzwa, ndogo tulipewa sisi, na yeye akala maharage. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo mwili haukulalamika siku ilipokatika. Uliendelea kutoa ghalani kimya kimya mpaka ghala likabaki vumbi. Ulimi, ambao ngozi yake hujifanya upya haraka kuliko karibu ngozi zote za mwili, ndio hugundua mapema kwamba vifaa vya ujenzi havifiki. Maumivu ya mwaka huu yalikuwa yanazungumzia sahani za miaka mingi iliyopita.

Sambaza nazo si wenyeji wa Kivu. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ziwa letu lilikuwa na samaki wachache, na waliozileta walikuwa wameona kitu kinachokosekana. Kinyume chake pia kimetokea. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, karanga zilitoweka katika mgawo wa chakula. Mahindi yalifika, magunia yalihesabika. Lakini mahindi peke yake humnyima mtu niasini, na watu wapatao 18,000 wakaugua pelagra: ngozi ikakauka na kuwa nyeusi palipopigwa na jua, matumbo yakaharibika, na ndimi zikawa nyekundu, zikawaka. Hakuna aliyekuwa amewalisha kitu.

Alipewa sindano. Niliiona ile chupa ndogo kabla muuguzi hajaivunja shingo, na nilishtuka kwa rangi yake: maji mekundu, mekundu kama divai ya misa. Rangi ile ni ya B12 yenyewe, na katikati ya kila molekuli yake imekaa chembe moja ya kobalti. Ni kobalti ileile ambayo nusu na zaidi ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, si hapa Kivu kwa jirani zetu wenye koltani na bati, bali kusini kule Kolwezi, ambako watu wanateremka mashimoni kuitafuta kwa ajili ya betri za simu. Mwili wa mama ulihitaji kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho. Kabla ya mwaka 1926 mtu aliyeishiwa vitamini hii kabisa alikuwa akifa, na ugonjwa wake ulibeba jina lenye maana ya mwangamizi. Mwaka huo George Minot na William Murphy wa Boston walitangaza kuwa wagonjwa 45 waliolishwa ini kwa wingi kila siku walikuwa wanapata nafuu. Miaka minane baadaye walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Minot mwenyewe alikuwa na kisukari, na asingefika hata mwaka ule kama insulini isingekuwa imegunduliwa kwa wakati. Nilimweleza mama hadithi hiyo tukiwa tunasubiri. Alitikisa kichwa akasema, "Mgonjwa wa sukari mwenzangu," kama anayemtaja mtu wa ukoo.

Kitu kimoja kinanitia hofu mpaka leo. Wiki ya tano nilikaribia kumnunulia vidonge vya asidi ya foliki, kwa sababu rafiki aliniambia vinaponya ulimi na damu. Huenda vingefanya hivyo. Damu ingetengemaa, ulimi labda ungetulia, sote tungefurahi, na chini yake mishipa ya fahamu ingeendelea kuliwa na upungufu uleule, kwa sababu foliki hainyanyui mzigo wa B12 mahali hapo. Muuguzi alipouliza kuhusu miguu, mama alisema haina kitu. Akaulizwa mara ya pili, kwa upole uleule. Ndipo akakiri kwamba tangu mwaka jana anahisi kama anatembea juu ya pamba, na usiku kama sisimizi wanapanda kwenye nyayo, na kwamba aliona si jambo la kusumbua watoto. Ulimi ulikuwa umepiga kelele kwa niaba ya miguu iliyofundishwa kuvumilia. Kama ningeunyamazisha kwa kidonge, ningemnyamazisha shahidi pekee aliyekubali kusema. Miguu hadi sasa haijarudi yote. Daktari alisema ina mwendo wake, na huenda isirudi yote.

Ulimi ulianza kubadilika kabla ya wiki mbili kuisha. Sikumwomba autoe; alikuja mwenyewe jikoni asubuhi, akasimama mlangoni penye mwanga, akautoa bila kufumba macho. Katikati ulikuwa bado mwekundu, lakini pembeni ukwaru ulikuwa umeanza kuota, hafifu, kama majani ya kwanza juu ya jiwe la lava.

Jumamosi tulikwenda ufukweni alfajiri. Mitumbwi ilikuwa inarudi, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, fito zake ndefu zimejitokeza mbele na nyuma kama papasi za mdudu, na wavuvi walikuwa bado wanaimba, mmoja akianza na wengine wakipokea kwa kasia. Taa zao zilikuwa zimefifia katika mwanga wa mapambazuko, na upande wa pili volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika wingu. Mama alichagua beseni moja, akasema bei, muuzaji akasema yake, na wakaanza. Sikumsaidia. Alibishana dakika kumi nzima kwa Kiswahili cha mpakani, kwa sauti, mpaka watu wakageuka kutazama. Kwenye kibanda cha jirani mwanamke alikuwa anakaanga, na mama akanunua za kula palepale, katika kipande cha karatasi kilicholowa mafuta. Alichukua moja kwa mkia, akaitia mdomoni nzima na kichwa chake, akaitafuna pole pole huku amelitazama ziwa. Nilisubiri. Akameza, akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.